Kopo la Sokoni na Amri ya Saba

Siku ya soko imefika. Tangu alfajiri wanawake wameshuka kutoka vilimani na mizigo yao kichwani: muhogo, maharage, ndizi, mawese. Wengine wanakuja kuuza, wengine wanakuja kununua. Na wengi wanafanya yote mawili, kwa maana fedha ya maharage aliyouza mama asubuhi ndiyo itakayonunua chumvi na sabuni kabla jua halijawa kali. Kengele ya misioni imekwisha kulia, na sala zimekwisha kusaliwa. Je, Mungu amebaki kanisani, au ameshuka sokoni pamoja na watu wake?

Wakatekumeni wasikilize mfano huu.

Mtu mmoja alikuwa na duka dogo kando ya soko. Alikuwa mkatekumeni wa mwaka wa mwisho, naye aliweza kuzitaja Amri Kumi bila kukosa hata moja. Dukani mwake palikuwa na makopo mawili. Kopo la kwanza lilikuwa la kuuzia, na kitako chake kilikuwa kimebonyezwa kuelekea ndani. Kopo la pili lilikuwa la kununulia maharage ya wakulima, nalo lilikuwa limegongwa kwa nyundo toka ndani mpaka likatanuka. Mtu akiyatazama kwa mbali, yote mawili yalikuwa makopo ya namna moja, yale ya maziwa ya unga ambayo kila nyumba inayajua.

Mjane mmoja alinunua kwake makopo mawili ya maharage kila juma. Siku moja, alipofika nyumbani, aliyapima tena kwa kopo la jirani yake, akaona yamepungua. Akapima mara ya pili, yakapungua vilevile. Lakini angesema nini? Alikuwa na deni katika duka lile, tena hakusoma. Akamwendea mkatekista, si kwa kushitaki, bali kwa kuuliza: “Mwalimu, je, macho yangu yananidanganya?”

Mkatekista hakupiga kelele sokoni. Alikumbuka fundisho la Bwana Yezu kwamba ndugu aliyekosa aonywe kwanza kwa siri. Akaenda dukani jioni, wanunuzi walipokwisha kuondoka, akaomba makopo yote mawili. Akalijaza maji lile la kununulia, akayamimina polepole katika lile la kuuzia. Kopo la kuuzia likajaa, na maji yakamwagika juu ya meza, yakashuka mpaka chini. Wote wawili wakayatazama. Ndipo mwenye duka akasema: “Mwalimu, wote wanafanya hivyo. Mimi nikitumia kopo la haki peke yangu, nitafunga duka.” Mkatekista akajibu: “Ndugu, yamebaki majuma sita mpaka Pasaka.” Akaondoka.

Kabla ya kusikia mwisho wa mfano huu, yafaa kuchunguza ni kitu gani kilichomwagika pale mezani.

Hesabu ya kijiko kimoja

Mtu atasema: “Maharage machache tu! Je, dhambi hii si ndogo?” Basi na ahesabu. Ikiwa kopo limepungukiwa sehemu moja katika sehemu 10, mjane anayenunua makopo 2 kila juma amelipa makopo 104 kwa mwaka, na amepunjwa zaidi ya makopo 10. Huo ni ugali bila kitoweo kwa siku nyingi. Na mjane si peke yake: wako wanunuzi wengine wa duka lile. Mwizi wa usiku anaiba mara moja, naye anakimbia kwa hofu, lakini kopo la uongo linaiba kila siku ya soko, mchana, na mnunuzi mwenyewe anasema: “Asante.”

Mungu hakuliacha jambo hili bila kulitaja. Katika Sheria aliyompa Musa, Waisraeli walikatazwa kuwa na mawe mawili ya mizani katika mfuko mmoja, moja zito na moja jepesi. Makopo mawili ya duka lile ni mawe yale yale. Nabii Amosi naye aliwakemea wachuuzi wa zamani zake, waliongoja kwa uchovu siku ya Bwana ipite, wapate kufungua biashara, kupunguza kipimo, kuongeza bei, na kuwauzia maskini makapi pamoja na ngano. Mtu anayesali siku ya Mungu huku moyo wake ukihesabu faida ya udanganyifu wa kesho amejulikana tangu zamani.

Ujinga wa mnunuzi si mali ya muuzaji

Muuzaji ana haki ya kupata faida. Amesafirisha bidhaa kwa njia mbaya, amelipa kodi, amepoteza mifuko iliyolowa mvua, na watoto wake wanakula kama watoto wa wengine. Eklezia haimkatazi kupata riziki yake. Inalomkataza ni hili: kugeuza ujinga au shida ya mwenziwe kuwa shamba la kuvunia. Katekisimu ya Eklezia Katolika, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2409, inahesabu miongoni mwa makosa juu ya Amri ya saba udanganyifu katika biashara, na pia kupandisha bei kwa kutumia kutojua kwa wengine au mahangaiko yao.

Mtakatifu Tomasi wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Eklezia, alifundisha kwamba muuzaji ana wajibu wa kumwonyesha mnunuzi ubovu uliofichika, ikiwa ubovu huo unaweza kumletea hasara au hatari. Ubovu unaoonekana kwa macho, mnunuzi anaweza kuupima mwenyewe. Bali ule uliofichika anayeujua ni muuzaji, na kunyamaza kwake ni uongo usio na sauti. Basi auzaye unga wenye wadudu chini ya gunia na unga mzuri juu, atiaye maji katika mawese, auzaye kitambaa kilichooza kama kipya, huyo anaiba kwa kunyamaza kama mwingine anavyoiba kwa mkono.

Bidhaa inayodhuru mwili

Mambo mengine ya soko hayaigusi Amri ya saba tu, bali na ya tano, inayolinda uhai wa watu. Kongo yenyewe ina ushuhuda.

Katika nchi ya Kwango kuna ugonjwa uitwao konzo, yaani kwa lugha ya Kiyaka, miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mtu aliyekuwa mzima anashikwa kwa ghafula, miguu yake inakauka, naye hatembei tena kama zamani. Chanzo chake ni sumu iliyomo katika muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, hasa pale ambapo watu hula muhogo karibu peke yake. Wazee walikuwa na desturi ya kuuloweka majini siku tatu, na maji yaliiondoa sumu. Lakini wataalamu walioandika mwaka 1992 juu ya vijiji vya jimbo la Bandundu waliona kwamba, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipoleta wanunuzi, watu walianza kupunguza siku za kuloweka ili muhogo uuzwe upesi. Hawakukusudia ubaya, hawakujua. Na sumu ile haikuwangoja watu wa mji tu, bali ilikaa pia katika chungu cha familia zilizoutengeneza. Haraka ya faida ilirudi nyumbani kwa mwenyewe.

Ushuhuda wa pili ni chumvi. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, madaktari wa miaka ya 1960 walikuta watu wengi wenye uvimbe wa shingo uitwao rovu, kwa sababu ya kukosa iodini katika chakula. Na mama mjamzito anayekosa iodini aweza kuzaa mtoto ambaye akili na mwili wake havikui sawasawa. Dawa ya kuzuia hayo ni rahisi: chumvi iliyotiwa iodini. Basi mwenye duka anayenunua chumvi isiyo na iodini, akaitia katika gunia lenye maandiko ya iodini, amemwibia mtoto ambaye hajazaliwa bado. Tena hata chumvi nzuri hupoteza nguvu yake ikiachwa wazi juani au penye unyevu. Muuzaji aifunike, aiweke mahali pakavu. Na mama afanye vivyo hivyo nyumbani kwake.

Ushuhuda wa tatu ni dawa za ugonjwa. Vidonge vya malaria vilivyokaa juani siku nyingi, au vilivyopita wakati wake, au vilivyotengenezwa kwa udanganyifu, vinampa mgonjwa tumaini bila nguvu. Mama anadhani mtoto ametibiwa, kumbe homa inaendelea, na saa za kumfikisha hospitalini zinapita. Anayeuza dawa ya namna hiyo akijua, asiseme mbele ya Mungu kwamba aliuza kidonge tu.

Wajibu wa mnunuzi

Je, mnunuzi akae kimya na kungoja muuzaji aongoke? Sivyo. Mungu alimpa akili na macho, na kujifunza kununua ni sehemu ya busara ya Kikristu. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake kwa Eklezia yote ya mwaka 1991 iitwayo Centesimus Annus, alisema kwamba ni kazi ya lazima kuwafundisha wanunuzi kutumia vema uwezo wao wa kuchagua. Basi mkatekumeni ajifunze mambo haya.

Kwanza, akitazame kipimo kabla ya kutoa fedha. Ageuze kopo, aangalie kitako na ubavu. Akiwa na mashaka, apime kwa maji: chupa ya lita moja haimpendelei mtu. Pili, aulize bei katika maduka mawili au matatu, naye ahesabu fedha anayorudishiwa pale pale, si njiani. Tatu, asome tarehe juu ya paketi. Karibu na herufi EXP huandikwa mwezi na mwaka. Ikiwa imeandikwa 06/2027, baada ya mwezi wa sita wa mwaka 2027 dawa hiyo haifai tena. Asiyejua kusoma asione haya, aende na mtoto wa shule. Kazi hiyo ni heshima kwa mtoto na msaada kwa mzazi. Nne, dawa za ugonjwa azitafute kwenye zahanati au kwa mfamasia anayejulikana, asinunue vidonge vilivyolegea ndani ya sahani ya mchuuzi. Tano, akidanganywa, aseme. Kwanza kwa muuzaji mwenyewe, kwa upole, kisha mbele ya mashahidi, kisha kwa wakubwa wa soko.

Lakini mnunuzi pia ana makosa yake. Kitabu cha Mithali kinamchora mnunuzi anayeidharau bidhaa akiwa mbele ya muuzaji, kisha akajisifu njiani jinsi alivyoipata kwa bei ndogo. Yuko anayepitisha noti ya uongo gizani. Yuko anayerudishiwa fedha kupita haki yake, akanyamaza, akasema Mungu amembariki. Yuko anayekopa sabuni kwa machozi na kulipa kwa matusi. Yuko anayenunua kitu kwa bei ya ajabu akijua kwamba kimeibwa. Hao wote wamegusa kopo lile kwa upande wa pili.

Sheria za nchi na umoja wa watu

Watawala wa dunia wamelitambua jambo hili. Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani aliwaeleza wajumbe wa Bunge lake kwamba kila mnunuzi ana haki nne: kulindwa na bidhaa za hatari, kupewa habari za kweli, kuchagua, na kusikilizwa. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulitoa maongozi kwa nchi zote juu ya kuwalinda wanunuzi. Na katika Kongo, tangu mwaka 1974, kuna ofisi ya serikali ya kukagua wingi na ubora wa bidhaa, iitwayo kwa kifupi OCC; na mwaka 2018 ilitolewa sheria juu ya bei na mashindano ya biashara.

Sheria ni ukuta mzuri, lakini mkaguzi hafiki katika kila soko la kijiji, na akifika, kopo la uongo laweza kufichwa chini ya meza. Kwa hiyo wanunuzi na wauzaji wa mahali pamoja wapatane wenyewe. Kijiji kinaweza kuchagua kopo moja la haki, likawekwa mikononi mwa mtu anayeaminiwa na wote, na kila mwenye mashaka akapime kwalo. Wenye maduka wanaopenda haki wasiliogope. Kopo hilo linawalinda na wao pia, kwa kuwa muuzaji mwaminifu hushindwa na mdanganyifu pale tu ambapo watu hawana njia ya kuwatofautisha. Kwa namna hiyo, neno la yule mwenye duka, “Wote wanafanya hivyo”, linapata jibu. Uovu wa wote hauvunjwi na mtu mmoja kwa urahisi, bali lazima mtu mmoja aanze.

Mwisho wa mfano

Mwenye duka hakulala vizuri usiku ule. Juma la kwanza la Kwaresima likapita, na la pili, naye hakuonekana katika mafundisho. Juma la tatu alimwendea Padri, akauliza: “Nikiyatupa makopo haya, je, yatosha?” Padri akamwambia habari za Zakayo. Zakayo alipompokea Yezu nyumbani kwake, hakusema tu kwamba ataacha kunyang’anya. Alitaka kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu, na nusu ya mali yake akawapa maskini. Anayetubu wizi, akabaki na kitu kilichoibwa, ametubu nusu.

Basi mwenye duka akafuta deni la mjane, akampelekea na makopo kumi ya maharage. Aliwaita wakulima aliowajua, akapatana nao. Na kwa kuwa wengi wa wanunuzi wake hawezi tena kuwajua, alipeleka gunia moja kwa wagonjwa wa zahanati. Mke wake alilia, kwa maana fedha ya kusomesha mtoto ilikuwa ndani ya gunia lile. Katika miezi iliyofuata wanunuzi wengine walikwenda kwa jirani, ambaye aliuza kwa bei ndogo zaidi kwa kopo lililobonyezwa. Baadaye baadhi walipima, wakarudi, wengine hawakurudi. Duka halikufungwa, wala halikuwa kubwa.

Siku chache kabla ya Pasaka alichukua msumari na nyundo, akatoboa vitako vya makopo yake mawili, yasipime tena mikononi mwa mtu yeyote. Usiku wa Pasaka alibatizwa. Mjane alikuwapo kanisani.

Maulizo na majibu

Kupunguza kipimo kidogo, je, ni wizi?
Ndiyo, ni wizi. Na udogo unaorudiwa kila siku unakuwa mzigo mkubwa juu ya maskini.

Muuzaji, je, aweza kunyamaza juu ya ubovu uliofichika?
Hapana, hasa ubovu unaoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari ya mwili.

Je, bei kubwa ni dhambi siku zote?
Hapana. Safari, kodi na kazi zina malipo yake. Ni dhambi kupandisha bei kwa kutumia njaa au ujinga wa mwenzio.

Mnunuzi afanye nini ili asidanganywe?
Atazame kipimo, aulize bei, asome tarehe, ahesabu fedha, na akidhulumiwa aseme kwa haki na upole.

Aliyedanganya, afanye nini kabla ya Ubatizo?
Aache, ajute, arudishe kwa wale anaowajua. Na kwa wale asiowajua, awape maskini.

Azimio la juma hili: kila mkatekumeni alichukue kopo la nyumbani kwake, alipime kwa maji ya chupa ya lita, na ajue kwa hakika lina kiasi gani, kabla ya siku ya soko.